Kipepeo Aliyetoka Mweusi

Bibi Jenista Kibona, mpiga picha wa Tunduma ambaye sote humwita Mama Ipyana, hapendi mteja wake avae nguo nyekundu. Kabla ya kumsimamisha mtu mbele ya kamera humtazama kuanzia utosini hadi unyayoni, na akiona wekundu mahali popote humwomba kwa adabu akabadilishe. Wengi humwona msumbufu. Mwaka juzi jirani yetu Leah, muuza maharagwe, alikataa katakata.

"Kanga hii nimeifuata Mbeya kwa ajili ya picha hiihii, Mama Ipyana. Leo unaniambia niivue?"

"Ivae Jumapili kanisani. Kwenye picha itatoka nyeusi tititi."

"Na ikitoka nyeusi?"

"Mumeo kule migodini atadhani umefiwa."

"Basi na adhani!" Leah alisema, akajifunga kanga yake vizuri zaidi. "Miaka mitatu bila hata kipande cha sabuni. Huo si ujane?"

Wanawake waliokuwa wakingoja zamu zao barazani wakacheka hadi wakashikana mabega. Leah alipigwa picha na kanga yake, na kanga ikatoka nyeusi kama alivyoambiwa.

Mimi hushona nguo katika baraza hiyohiyo. Kati ya cherehani yangu na chumba cha giza cha Mama Ipyana pana ukuta mmoja wa udongo, na kwa sababu hiyo ninayajua mengi ambayo sikuyauliza. Hili la wekundu alinieleza mwenyewe. Kamera yake ni ile kubwa ya mbao, yenye ngozi ya kukunja na miguu mitatu, na badala ya filamu hutumia vioo vilivyopakwa dawa. Vioo hivyo havioni rangi nyekundu, na rangi ya chungwa huiona kwa shida sana. Ndiyo maana mtu anaweza kuvisafisha chini ya taa nyekundu navyo visiharibike: kwa kioo, taa ile ni sawa na giza. Lakini ndiyo maana pia ua jekundu, damu ya kuku na udongo wa barabara yetu hutoka katika picha kama masizi.

Aliyemfundisha hayo ni mumewe, Danford Simwanza, Mnamwanga wa hapahapa Tunduma. Danford aliinunua kamera kwa mpimaji wa ardhi wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao. Mwaka 1943 alipanda milima ya Ileje kwenda kupiga picha za ubatizo, akashuka na ahadi ya binti aliyejua kusoma, kuandika na kunyamaza. Mama Ipyana husema hivyo mwenyewe, kwamba alichaguliwa kwa sababu ya kunyamaza, kwa kuwa katika chumba cha giza mtu akizungumza mwenzake hupoteza hesabu ya dakika. Miaka miwili walifanya kazi bega kwa bega. Danford alikuwa akitoka nje asubuhi, akitazama mbingu na kusema, "Leo mwanga ni laini," na mkewe akijibu, "Laini, lakini hautadumu." Hayo ndiyo yalikuwa maamkizi yao.

Mwaka 1945 Danford alivuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ili apate kununua kamera mpya. Alisema mwaka mmoja, ukizidi miwili. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Alijifungua mtoto wa kike, akamwita Ipyana, na picha ya mtoto huyo ilitumwa kusini kila mwaka alipoongeza umri. Kambini alikokaa Danford hapakuwa na nyumba za wenye wake. Barua zilikuja kila mwezi, kisha kila Pasaka na kila Krismasi. Zilikuwa barua njema na fupi. Mtoto nimemwona pichani, amekua. Nguo nimetuma. Nisalimie wote.

Sikupata kumsikia Mama Ipyana akilalamika kuhusu nguo wala fedha, maana kazi yake ilimlisha. Ila asubuhi, kabla wateja hawajafika, alikuwa akitoka nje na kutazama mbingu, akafumbua kinywa kana kwamba anataka kusema jambo, kisha akakifumba na kurudi ndani. Tunduma nzima hapakuwa na mtu mwingine ambaye angeelewa kama angemwambia kwamba mwanga ni laini.

Barua ya Pasaka ya mwaka jana ilikuwa na sentensi mbili zaidi ya kawaida. Baada ya salamu Danford aliandika: "Huku ni moshi tu, hata kipepeo sijamwona siku nyingi. Je, yule wetu bado yupo?"

Kipepeo huyo kila mtu anamjua, na kwa kuwa kila mtu anamjua hakuna anayemtazama. Ana rangi ya chungwa lililoiva. Ncha za mabawa yake ni nyeusi zenye madoa meupe. Huruka polepole bila hofu, maana ni mchungu na ndege hawamli. Yuko mashambani, yuko kando ya barabara, yuko juu ya kila gugu lenye utomvu mweupe. Katika mwaka wa kwanza wa ndoa yao Danford alijaribu kumpiga picha mara nyingi, na kila mara kioo kilitoka na waa lililofanana na alama ya dole gumba. Kipepeo alikuwa akisogea kabla lenzi haijafunikwa. Mwishowe Danford alisema kwamba atakayemweka kiumbe huyu kwenye kioo akiwa ametulia, huyo ndiye fundi wa nyumba hii.

Mama Ipyana aliisoma barua ile mara tatu, akaikunja kwa mikunjo yake ya zamani. Nilimsikia akisema peke yake, "Yupo."

Alijua jambo ambalo Danford hakulijua. Danford alikuwa akienda bondeni alasiri, baada ya kazi, wakati kipepeo amekwisha kupata nguvu. Mama Ipyana alikwenda kisimani alfajiri miaka yote, na mwezi wa Juni, baridi inapouma vidole, alikuwa amewaona vipepeo wale wameshikilia mabua ya nyasi, mabawa yamefumbwa, wasiweze hata kutambaa. Jua linapowafikia huyafunua mabawa na kukaa hivyo kama nguo zilizoanikwa, hadi joto litakapowaingia mwilini. Muda huo si mrefu. Lakini kwa mtu aliyekwisha kuisimamisha kamera yake gizani, akaielekeza na kungoja, unatosha.

Asubuhi kumi na moja alikwenda bondeni na kamera begani. Vioo vinne vilipotea. Katika cha kwanza, kivuli chake mwenyewe kilimwangukia kipepeo naye akaanguka nyasini. Katika cha pili upepo ulitikisa bua. Katika cha tatu alipumua juu ya lenzi ikapata ukungu, na hakutaka kunieleza lililotokea katika cha nne. Leah alimkuta siku moja akirudi, sketi imelowa umande hadi magotini.

"Mama Ipyana, watu wa Mungu wanakulipa uwapige picha huwataki. Unamfuata mdudu asiyelipa!"

"Huyu hanisumbui habari ya kanga, dada."

Asubuhi ya kumi na moja mwanga wa jua ulishuka kutoka kilimani bila upepo. Kipepeo alifunua mabawa. Mama Ipyana aliondoa kifuniko cha lenzi, akahesabu moja, mbili, akakirudisha. Kipepeo alikuwa bado yupo. Alikaa hata kamera ilipokunjwa.

Picha ilipokauka aliniletea niione, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Ilikuwa safi ajabu. Ningeweza kuhesabu vinyweleo vya bua. Mabawa yalikuwa meusi, mazito, yamejaa picha yote, na madoa ya nchani yaling'aa kama shanga nyeupe.

"Mbona mweusi?" niliuliza, nikajionea haya papo hapo.

"Kioo ni kilekile," alisema, akitabasamu. "Baba Ipyana atacheka sana."

Nyuma ya picha aliandika kwa penseli, kama aandikavyo nyuma ya kila picha itokayo katika chumba chake: 17 Juni 1952. Aliitia katika bahasha, akalamba gundi.

"Huandiki barua?"

"Barua ni hiyo."

Tangu siku hiyo alingoja, na hakuficha kwamba anangoja. Barua huletwa Jumanne. Julai ilipita, Agosti ikapita. Alianza kuosha vioo ambavyo vilikuwa safi. Mara moja alinieleza, bila mimi kuuliza, kwamba kama mtu akipokea picha ile na kuielewa, basi miaka saba si kitu, kwa kuwa bado ni yuleyule. Na kama ni yuleyule, atarudi. Alilisema hilo kwa utaratibu, kama mtu anayepanga vipande vya nguo kabla ya kushona.

Mwezi wa Oktoba, Jumamosi mchana, jua likiwa kali, lori lililotoka kusini lilimshusha mwanamume mmoja kwenye kizuizi cha mpakani. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Alibeba sanduku mkono mmoja na kwapani alikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa. Alipofika ukingoni mwa uwanja wetu aliliachia sanduku, akaweka mikono kichwani, akalia kwa sauti kubwa.

"Mwanangu! Mwanangu mimi! Sikukuona hata mara moja!"

Kwetu kilio hakiulizwi. Leah alitoka mbio akijifunga kanga kiunoni na tayari analia. Nyuma yake alikuja Nesta, mke wa fundi wa baiskeli, mikono imejaa unga.

"Nani kafa?" Nesta alinong'ona.

"Sijui. Lia kwanza, tutaambiwa."

Uwanja ulijaa. Nami niliinuka, uzi ukiwa bado mdomoni. Hapo Ipyana akatokea nyuma ya nyumba, amekumbatia mabua ya mahindi ya kuwashia moto, akamtazama yule mtu kwa makini.

"Mama!" aliita kuelekea chumba cha giza. "Kuna mgeni analia. Nimpe kiti?"

Mwanamume akanyamaza ghafla.

"Wewe ni nani?"

"Ipyana."

"Ipyana wa nani?"

"Wa Danford Simwanza. Lakini yeye hayupo, yuko migodini."

Danford aliketi chini mavumbini. Alinyoosha mkono akaugusa mguu wa mtoto, kidole kimoja kimoja, na mtoto akamwachia, kwa sababu alikuwa amefundishwa kuwavumilia wageni.

Mama Ipyana alitoka mikono ikidondoka maji ya dawa. Hakukimbia. Alisimama mlangoni, na kwa muda hakuna aliyejua kama ni zamu ya kulia au ya kupiga vigelegele. Danford alitoa picha mfukoni mwa koti. Ilikuwa imekunjwa mara nne. Nilimwona Mama Ipyana akiutazama mkunjo kabla ya kumtazama mumewe, maana mpiga picha hakunji picha.

"Nani alikufa tarehe kumi na saba Juni?" Danford aliuliza.

"Hakuna aliyekufa."

"Ulinitumia kipepeo mweusi, Jenista. Mweusi, na tarehe, bila neno hata moja. Nilihamishiwa mgodi mwingine, imenifikia baada ya miezi mitatu. Wenzangu wamenikalisha matanga. Wamenichangia nauli. Nimenunua sanda ya kufunikia kaburi la mtoto ambaye sikumshika."

Inafaa nieleze, kwa msomaji asiye wa huku, kwamba Danford hakuwa mjinga. Kwa watu wetu habari ya msiba haiandikwi kwa mtu aliye ugenini, asije akaisoma akiwa peke yake. Huandikiwa "Njoo", au hutumiwa kitu kisicho na maneno, naye huelewa. Na katika nyumba ya wazazi wa Danford, kipepeo mweusi akitua ndani, watu walikuwa wakianza kuulizana ni nani hayupo. Mtu yeyote wa kwetu angeisoma picha ile kama alivyoisoma yeye. Mama Ipyana aliyajua hayo yote. Lakini alipoitia picha katika bahasha hakuwa akimwandikia mtu yeyote wa kwetu. Alikuwa akimwandikia mpiga picha.

"Huyu si mweusi, Baba Ipyana," alisema taratibu. "Ni yule wetu."

"Yupi wetu?"

Sijawahi kuona uso ukibadilika kwa neno dogo kama wa Mama Ipyana ulivyobadilika.

"Uliyeniuliza Pasaka kama bado yupo. Ana rangi ya chungwa. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kioo hakioni wekundu."

Danford aliikunjua picha juu ya goti. Aliitazama muda mrefu, akaigeuza upande wenye mwanga, na nilimwona akilitambua bua, kisha madoa, kisha mabawa.

"Amekaa," alisema. "Amekaa kabisa."

"Ndiyo."

"Nilisahau, Jenista. Miaka saba natazama mwamba kwa taa ya kichwani. Nilisahau habari ya kioo."

Leah alifuta pua kwa ncha ya kanga yake. "Sasa shemeji, haya machozi yetu tunayarudishaje? Na maharagwe yangu yanaungua!"

Watu wakacheka, wengine wakaendelea kulia kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuanza. Nesta alikwenda kumaliza ugali wake, akauleta. Ile sanda Danford alimpa mke wa mchungaji, na siku hizi hufunika meza ya kanisani.

Alikuwa na ruhusa ya msiba, siku kumi. Siku ya tatu asubuhi nilimsikia Mama Ipyana barazani akimwuliza, bila kupunguza wala kupandisha sauti, "Kama kipepeo angetoka kwa rangi yake, ungekuja?" Nilisimamisha cherehani, kisha nikaona si adabu, nikaendelea kushona. Hata hivyo jibu nililisikia.

"Sijui."

Baadaye Mama Ipyana aliniambia kwamba lilimuuma, na kwamba hata hivyo alilipenda kuliko uongo.

Siku ya nane walikwenda bondeni wote watatu na kamera. Oktoba nyasi zimechomwa, na joto huanza kabla ya jua kupanda. Vipepeo walikuwapo, lakini hakuna aliyetua. Danford alijifunika kitambaa cha kamera, akahangaika na lenzi, na Ipyana, aliyeiona kazi hiyo tangu kuzaliwa, akalazimika kumwambia, "Baba, kifuniko hujakitoa." Danford aliporudi alikuwa na vumbi la majivu hadi usoni, na kwa mara ya kwanza tangu afike alikuwa akicheka.

"Ningekuwapo mwezi wa Juni ningemwona ametulia," alisema.

"Juni huja kila mwaka," Mama Ipyana alimjibu.

Siku ya kumi alipanda lori. Mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi, hadi mwisho wa Aprili. Alisema ataandika. Hakusema jambo jingine, na Mama Ipyana hakumshurutisha.

Mwezi wa Machi barua ilikuja, ndefu kuliko zote alizowahi kuleta. Haikutaja nguo. Iliuliza jua lilikuwa upande gani, lenzi ilikuwa umbali gani kutoka kwenye bua, na alijuaje kwamba kipepeo hatasogea. Mama Ipyana alichukua juma zima kuijibu, kurasa nne, na mchoro wa bonde. Tangu hapo hapajaja barua.

Leo ni tarehe ishirini Mei. Aprili imekwisha, na asubuhi umande umeanza kuwa mzito. Wiki iliyopita Mama Ipyana alikuja kwenye cherehani yangu na kitambaa kizito cha rangi ya kijivu, akaomba nimshonee koti la kiume, la mtu atakayesimama bondeni alfajiri.

Nilimwomba vipimo. Alifumba macho, kama afanyavyo anapokisia umbali wa mtu na kamera, akanitajia mabega, urefu wa mkono, urefu wa mgongo. Hakusita hata mara moja. Nilipofika kifuani alifumbua macho.

"Kifuani alikuwa amekonda," alisema. "Acha mshono mpana wa kufumua. Akikaa nyumbani atanenepa."

Nikaacha inchi mbili kila upande.